Jungu Halimjui Aliyelala

1

"Lugha gani hii inayosinzia ovyo kama mpagazi aliyeona kivuli?" Venansia Mkude aliuliza, na ukumbi mzima wa karakana ukaangua kicheko.

Alikuwa amesimama mbele ya wenzake, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, fimbo ya kuelekezea mkononi. Ukutani nyuma yake ulimulikwa ukurasa wa kwanza wa Lepe, lugha mpya ya kompyuta iliyojengwa na Nyamizi Kapalata. Nyamizi mwenyewe alikalishwa kwenye kigoda katikati ya ukumbi ili atukanwe vizuri, kila mtu akimwona.

Ndiyo desturi ya Karakana ya Kilakala, pale Morogoro, tangu Shirika la Vikapu lilipoanza kupandisha watu na kuteremsha mboga milima ya Uluguru kwa vikapu vinavyoning'inia kwenye waya. Hakuna lugha iliyoruhusiwa kuliamuru Jungu, mashine kuu ya karakana, na kuendesha vikapu kabla ya kusomwa na mtani wa aliyeijenga. Rafiki atakuonea haya, adui atakuonea gere, lakini mtani ana ruhusa ya kukwambia suruali yako imetoboka nyuma, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Venansia alikuwa Mluguru wa Mgeta, Nyamizi Mnyamwezi wa Urambo, na utani wa makabila hayo ni wa tangu enzi za misafara. Basi ilipoulizwa nani ataisoma Lepe, vidole vyote vilimwelekea Venansia. Wenye vidole hawakujua kwamba walikuwa wanamkabidhi fisi bucha.

"Mtani, nyie watu wa milimani mtajulia wapi usingizi?" Nyamizi alijibu kutoka kigodani. "Mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mkijaribu kulala mnabingirika mpaka mtoni!"

Watu walipiga meza. Venansia alingoja watulie. Alilotaka kusema sasa lilikuwa kweli tupu.

"Haya, cheka, meno si yako," alisema. "Lakini sikia, mpagazi wangu. Hilo Jungu halimjui aliyelala. Siku litakaposhika ufagio litakufagia wewe na mkeka wako, likutupe jalalani, na chumba chako limpangishe mwingine!"

Hapo ndipo ukumbi ulipovunjika kabisa. Bwana Kihwelo, mkuu wa karakana, alijifuta machozi kwa ncha ya tai. Nyamizi alishuka kigodani akapiga magoti, akamwomba mtani amwombee kwa Jungu asije akafagiwa kabla ya kuolewa.

Venansia akarudi kwenye kiti chake, akaketi, akakunja mikono. Alikuwa amesema. Mbele ya mashahidi, waziwazi, alikuwa ametaja kasoro pekee ya lugha ile, na hakuna hata mmoja aliyesikia. Ndivyo alivyotaka iwe.

2

Jungu lilikuwa mashine isiyo na chuma. Wenyewe waliita mashine pepe: kompyuta iliyoandikwa kwa maneno, inayoishi ndani ya kompyuta yoyote utakayoipa. Vyuma vilivyolibeba vilikuwa vimeoza na kubadilishwa mara nyingi, lakini lenyewe lilibaki lile lile, na walioliandika walikwisha zikwa na maarifa yao. Kila breki, kila mlango na kila ndoano ya waya katika milima ile ilisikiliza Jungu peke yake. Kulifungua ulitengeneze ilikuwa sawa na kuupasua moyo wa mtu akiwa anakimbia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Aliyetaka jambo jipya alijenga lugha juu yake. Unaandika kwa lugha yako tamu, mfasiri anaivunjavunja kuwa maagizo madogo ya kizamani, Jungu linameza na kutenda. Jungu kuu halikosi ukoko, wahandisi walipenda kusema, na kila mmoja alikuwa na kijiko chake.

Kijiko cha Venansia kiliitwa Mwito. Kwa umri wa kutosha kumlea mtoto mpaka akaoa, vikapu vyote vya Uluguru viliendeshwa kwa Mwito. Kila kikapu kilikuwa na mtumishi wake ndani ya kumbukumbu ya Jungu, na watumishi wa Mwito hawakulala hata kidogo. Kila mmoja aliita "nipo, nipo, nipo" bila kupumzika, na kengele ndogo juu ya kikapu ikaitikia mlio huo huo, hata watoto wa Nyandira wakauiga kwenye michezo yao ya kujificha. Lugha ilikuwa salama. Tatizo ni kwamba makelele yale yalilijaza Jungu, na msimu wa mavuno vikapu vichache tu ndivyo vilivyoweza kwenda. Kabichi na matunda damu yaliozea vituoni huku wenyewe wakiyatazama.

Venansia alijua njia nyingine ilikuwapo, kwa sababu aliwahi kuipita. Zamani, kabla ya Mwito, alijaribu watumishi wanaolala wakati kikapu kimesimama. Siku hiyo alikuwa akijaribu kwa vikapu vya mchanga. Jungu lilipojaa lilishika ufagio, maana hivyo ndivyo linavyojipatia nafasi: linapita kumbukumbu yote na kutupa vilivyokufa. Na kwa Jungu, aliyenyamaza amekufa. Kikapu kimoja kilichokuwa kimesimama kwenye ndoano kikatoweka kwenye skrini huku kikining'inia mlimani kama kawaida. Jungu likaona ndoano tupu, likapeleka kikapu kingine pale pale. Mchanga ulinyesha kwenye mahindi ya mtu. Karakana ikaambiwa kwamba waya uliteleza.

Mwanzoni alinyamaza kwa aibu. Kisha akagundua kwamba aibu ile ina faida. Yeyote atakayetaka kuupita Mwito atajikwaa pale pale, na atakuja kwake kuuliza. Akaificha siri hiyo kama mke mkubwa anayeficha chumvi ili mchuzi wa mke mdogo uchekwe.

Na mke mdogo akaja. Nyamizi aliingia karakanani na kicheko cha kusikika mpaka barabarani, kijana wa kuweza kuwa binti yake, na siku ya kwanza tu alimsalimia kwa kumwambia, "Wee mguu mfupi, kumbe hujafa?" Hakuwahi kumpa shikamoo. Mtani haamkiwi, hutukanwa. Wengine wote walimwita Venansia mama, wakampisha mlangoni, wakapunguza sauti alipopita. Yule binti alimnyang'anya andazi mkononi akala. Asubuhi ambazo Nyamizi alichelewa kufika, Venansia alijikuta akisikilizia mlango, na hilo lilimuudhi kuliko andazi.

Jumapili moja baada ya misa, akiwa peke yake nyumbani, aliifungua Lepe ili atafute ya kuibeza. Akaandika kitu kidogo, mtumishi wa kulinda mlango wa kikapu. Kwa Mwito, kazi hiyo ilijaza skrini na kumwagika. Kwa Lepe aliandika: mlango ukifungwa, lala, ukiguswa, amka. Basi. Aliyatazama maneno yale mpaka chai ikapoa. Akayafuta akayaandika tena, kwa raha tu ya kuyaandika. Hii ndiyo lugha aliyokuwa akiitafuta tangu ujana wake. Aliijua alivyoijua sura yake, isipokuwa ilikuwa na jina la mtu mwingine juu yake.

"Kwa nini yeye?" aliziuliza kuta. "Mimi nimelitumikia Jungu mpaka mvi zimeniota. Kwa nini yeye?"

Alilia, hakuficha, hapakuwa na wa kumficha. Kisha, kwa sababu mikono ya fundi haijui kununa, ilianza kuandika yenyewe. Ikaongeza mstari mmoja ndani ya Lepe: Jungu likiinua ufagio, kila aliyelala akohoe mara moja. Asiamke, asiseme neno, akohoe tu ijulikane yu hai. Alijaza kumbukumbu kwa makusudi ili ufagio upite. Hakuna aliyefagiwa. Lepe sasa ilikuwa haina ila yoyote, na dawa yake ilikuwa mezani kwake, mstari mmoja tu.

Akauondoa ule mstari ndani ya Lepe, akaufungia kwenye hifadhi yake mwenyewe, akaenda kukaanga samaki.

Hakuwa mchawi, alijiambia akigeuza samaki. Hakumtakia mtu mabaya. Lepe itajaribiwa kwa mchanga kama lugha zote, itamwaga mchanga, binti atafadhaika kidogo, kicheko kitapungua. Hapo mama wa watu atatokea na mstari wake mkononi, na juu ya lugha ile yataandikwa majina mawili. Kwani ubaya uko wapi?

Ubaya ni kwamba majaribio ya mchanga yalifanywa kwa vikapu vichache, Jungu likabaki na nafasi tele, ufagio haukushikwa. Lepe ikafaulu majaribio yote, na shangwe ikaanza.

3

"Tutaizindua Lepe siku ya gulio la Nyandira," Bwana Kihwelo alisema. Alikuwa amekuja mwenyewe mpaka mezani kwa Venansia, jambo lililoonyesha kwamba habari alizobeba si nzuri kwake. "Vikapu vyote vitaenda kwa Lepe siku hiyo. Wakulima waone tofauti. Mwito umetulea, Mama Mkude, hatukatai. Sasa tuuache upumzike."

Siku ya gulio. Vikapu vyote. Siku hiyo Jungu lingejaa pomoni, na ndani ya vikapu kusingekuwa na mchanga.

"Bwana Kihwelo," alianza, "huko kulala kwa Lepe..."

Kihwelo alikwisha anza kucheka. "Litakufagia wewe na mkeka wako! Mama, nilimsimulia mke wangu, alikaribia kupaliwa na ugali. Bado una mengine?"

Alimngojea kwa uso wa furaha, kama mtoto anayengojea kisa. Venansia alimtazama, na neno likarudi lilikotoka. Kesho, alijiambia. Nitamwambia mwenyewe mwenye lugha, faraghani.

Na mwenye lugha akajileta. Jioni ile ile, watu walipokuwa wakifunga mashine zao, Nyamizi alikuja na chupa ya asali kutoka kwao Urambo. Hakumnyang'anya kitu. Alivuta kiti, akakaa, akaiweka chupa mezani taratibu.

"Dada Venansia," alisema, na Venansia akashtuka kusikia jina lake, "tuache utani kidogo. Wote wananipongeza, na mimi naogopa. Wao wanaijua Lepe, hawalijui Jungu. Wewe unalijua. Kuna kitu umekiona? Niambie hata kama kinauma. Nitapanda kikapu cha kwanza mimi, lakini nyuma yangu watapanda kina mama na watoto."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Ilitosha kusema ndiyo. Venansia aliitazama asali, akaiona ilivyo safi, akawaza kwamba hata asali ya huyu mtoto haina takataka. Akakumbuka ukurasa wa kwanza wa Lepe ulivyomulikwa ukutani, jina moja juu yake. Akaisukuma chupa pembeni.

"Niliyoyaona nilishayasema kwenye kikao," akajibu.

Nyamizi alishusha pumzi kwa faraja. "Basi nimeshukuru. Leo nitalala." Alisimama, na akiwa mlangoni kicheko kikamrudia. "Asali ule kidogokidogo, mtani. Ukinenepa mguu mfupi hautakubeba!"

Venansia alibaki na chupa. Kila alilomjibu lilikuwa kweli, na hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

4

Siku ya gulio Kilakala ilijaa. Waliokuja kupokea mizigo, waliokuja kushangaa, wauza juisi ya miwa, kwaya iliyoalikwa na kwaya iliyojialika. Desturi ilimtaka mwenye lugha apande kikapu cha kwanza peke yake, afike mnara wa kati, asimame kwenye ndoano huko angani huku vikapu vya gulio vikimpita kuteremka, na apunge kitambaa. Asiyeamini mkono wake mwenyewe asiwapandishe wengine.

Venansia alikuwa chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, pamoja na Bwana Kihwelo na wageni waliojipanga ukutani. Mtani wa mwenye lugha ana nafasi yake pale: kazi yake siku hiyo ni kuleta vurugu. Anaweza kuziba mlango, kudai kwamba shughuli haiendelei mpaka alipwe, kujilaza chini. Watu humpa chochote, wakacheka, wakampisha pembeni.

Asubuhi ile Venansia hakuleta vurugu yoyote. Wageni walisikitika.

"Mtani!" Sauti ya Nyamizi ilikwaruza kwenye redio iliyokuwa mezani. "Nimefika mnara wa kati. Nawaona mko wadogo kama sisimizi, na wewe ndiye sisimizi unayechechemea!"

Chumba kikacheka. Kwenye ukuta wa skrini kikapu cha Nyamizi kiligeuka kutoka rangi ya kijani kuwa njano hafifu. Kimelala. Kutoka Nyandira vikapu vilianza kumiminika, vingi kuliko Uluguru ilivyowahi kuona, na kila kimoja kilipofika kituo cha njiani kilipauka njano, kikasinzia, kikaamshwa, kikaendelea. Hapakuwa na kengele. Kimya kile kilimpendeza Venansia mpaka kikamuumiza. Pembeni, kipimo cha kumbukumbu ya Jungu kilikuwa kikipanda.

Huenda kitaishia hapo, aliwaza. Huenda leo halitajaa. Akajishika kwenye ukingo wa meza. Kipimo kikapanda, kikapanda, kikafika juu kabisa. Skrini zote zikatulia kwa muda wa mtu kupepesa jicho. Kisha kipimo kikaporomoka chini, Jungu likawa jepesi, vikapu vikaendelea.

Vingine vyote vilikuwa mwendoni wakati huo; njano ya mnara wa kati pekee ilikuwa imetoweka. Ndoano ya Nyamizi ilionyesha kwamba ni tupu. Na kule juu, kikapu kikubwa cha kina mama wa gulio kikapewa nafasi hiyo hiyo, kikaanza kushuka.

"Simamisha!" Venansia alipiga kelele. "Bwana Kihwelo, vuta breki!"

Breki kuu ilikuwa mkononi mwa Kihwelo peke yake, kwa kufuli ya kidole chake. Kuivuta ni kusimamisha waya zote, na mamia ya watu waning'inie juu ya makorongo siku ya gulio.

Kihwelo alitabasamu. "Eeh! Nilijua tu hawezi kumaliza siku kimya."

"Nyamizi amefagiwa! Jungu limemfagia!"

Walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Ni maneno yale yale, kisa kile kile walichokwisha simuliana majumbani, na sasa mwenyewe alikuwa akikirudia mbele yao kwa macho yaliyomtoka pima. Mgeni mmoja alipiga vigelegele. Kihwelo alichukua kabichi kwenye kapu la zawadi lililoletwa na wakulima, akamtupia.

"Haya, chukua kabichi lako utuachie njia, mtani!"

Kabichi lilimpiga kifuani, likaanguka. Venansia aliukamata mkono wa Kihwelo, akauvuta kuelekea kwenye breki. Wakashangilia zaidi. Mwanamama mmoja akamfunga kanga ya pili kiunoni ili acheze vizuri. Kwenye skrini kikapu cha gulio kilikuwa kimepita mnara wa juu, kinateremka na kasi yake yote tamu aliyoijenga Nyamizi, na redio ilikuwa ikiimba: binti alikuwa akiimba peke yake kule angani, akipunga kitambaa.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Venansia aliuelewa msiba wake wote pale. Lugha pekee aliyokuwa nayo ya kusema kweli, ndiyo aliyoitumia kuificha. Akisema utani umekwisha, huo nao ni utani. Akilia, mtani hulia hata msibani kwa marehemu asiyemjua. Akivunja kioo, watamshangilia. Mtani anaruhusiwa kila kitu.

Isipokuwa kimoja. Mtani humtukana mwenzake. Hajitukani.

Aliuachia mkono wa Kihwelo. Akaifungua kanga ile ya pili, na ya kwanza, akazikunja, akaziweka sakafuni. Akasimama na suruali yake ya kazi.

"Nilijua," alisema. Hakupaza sauti. "Tangu zamani nilijua Jungu linafagia waliolala. Ule mchanga ulionyeshea mashamba, waya haukuteleza, ni mimi. Nilinyamaza. Lepe ni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, na nilipoiona niliona wivu mpaka nikaugua. Alikuja kuniuliza, akaniletea asali, akaniita dada. Nikamdanganya. Dawa yake ninayo, niliiandika kwa mkono wangu, nikaificha ili aaibike. Mimi si mtani wa mtu. Mimi ni mwanamke mbaya, Bwana Kihwelo, na usipovuta breki sasa hivi nitakuwa muuaji."

Hakuna aliyecheka. Kihwelo alimtazama usoni, na tabasamu lake likafa kidogokidogo. Akageukia skrini, akaitafuta njano ya mnara wa kati, asiione. Akairukia breki.

5

Milima yote ilisimama. Kwenye mnara wa kati kikapu cha gulio kiliyumba juu ya kile cha Nyamizi, karibu kiasi kwamba kina mama waliweza kuona kitambaa chake, wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi.

Kumshusha ilikuwa kazi nyingine. Jungu halikumjua tena. Lilipoulizwa habari za kikapu kile lilijibu kwamba hakipo na hakijawahi kuwapo. Venansia aliketi kwenye mashine iliyokuwa pembeni, akauamsha Mwito, lugha yake nzee yenye makelele, akampa mtumishi wake mmoja namba ya ndoano ile. Akakosea, akafuta, akaanza upya.

"Nani yupo?" aliandika.

Kimya. Kisha, mbali mlimani, kengele iliyokuwa haijalia tangu alfajiri ikaanza: nipo, nipo, nipo.

Walimteremsha polepole, kwa mwendo wa zamani, kengele ikilia njia nzima. Halafu Venansia akauchukua ule mstari wa kikohozi kutoka alikoufungia, akaupachika ndani ya Lepe mbele ya macho ya Kihwelo, akamweleza kazi yake kwa maneno machache. Breki ikaachiwa. Kina mama wakashuka, mboga zikashuka, kipimo kikapanda na kuporomoka tena na tena, na hakuna aliyefagiwa. Wakulima walisema hawajaona gulio lenye baraka kama lile.

Kihwelo hakumfokea. Alisema tu kwamba bodi itakaa, na kwamba aache kitambulisho chake mezani. Watu walimpisha mlangoni.

Nje alimkuta Nyamizi. Alikuwa amesimama karibu na kikapu chake, kitambaa bado kimezungushwa mkononi. Redio ya kikapu husikia kila kinachosemwa chumba cha mitambo. Venansia alikuwa amelisahau hilo, sasa akalikumbuka. Binti alikuwa amesikia yote, neno kwa neno, akiwa ananing'inia.

Venansia alisimama mbele yake. Alingoja matusi. Aliyataka, mazito mazito, ya mguu, ya mlima, ya mvi, ya ukoo wake wote mpaka wa Mgeta ya juu. Angeyapokea moja moja, na kila moja lingekuwa na maana kwamba bado kuna njia. Watu waliokuwa karibu nao walingoja vilevile.

Nyamizi alikifungua kitambaa mkononi, akakikunja. Kisha akainamisha kichwa, akakunja magoti kidogo, kama binti aliyelelewa vizuri anapokutana na mtu mzima asiyemfahamu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Venansia alingoja kinachofuata. Hakikufuata kitu. Binti alikuwa bado ameinama, kwa adabu, akisubiri, na shikamoo haiachwi hewani.

"Marahaba," Venansia akaitika.